Kuhudhuria na Kukosekana: Tarehe ya Masomo ya Utabibu Mjini Kisangani

Katika lawama wanazotupiwa vijana wa zama hizi mjini Kisangani, ipo moja isadikiwayo upesi na kila aisikiaye: ya kwamba wanafunzi wa utabibu na uuguzi, ambao kesho watakabidhiwa roho za watu, hawahudhurii masomo yao, ya kwamba kiti kilicho kitupu siku ya somo hujaa siku ya mtihani, na ya kwamba mtu aliyelikwepa somo la moyo na mapafu hana haki ya kuweka mkono wake juu ya kifua cha mgonjwa. Lawama hii haikosi ukweli, wala makala haya hayakusudii kuifuta. Lakini desturi, iwe njema au mbaya, haizuki ghafla; ina nasaba yake na ina umri wake, na atakaye kuiondoa hana budi kwanza kuijua ilikotoka. Tukiichunguza tarehe ya elimu ya tiba katika mji huu na viunga vyake, tangu ilipoanza kufundishwa kwa sindano na darubini mpaka leo inapofundishwa kwa karatasi zilizopigwa chapa, tutaona jambo ambalo walaumu hulisahau, nalo ni kwamba mwanafunzi hakuwa wa kwanza kukosekana darasani. Alitanguliwa na dola, na baada ya dola akatanguliwa na mwalimu.

Kisangani imekaa pale ambapo maporomoko ya Boyoma yanakwisha na Mto Kongo unaanza kuchukua vyombo vikubwa mpaka Kinshasa. Mwaka 1883 Henry Morton Stanley aliweka hapo kituo kwa ajili ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Mwaka 1886 watu wa Waarabu wakakishambulia na kukitwaa. Na mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa lakabu ya Tippu Tip, akakubali huko Unguja kuwa liwali wa mahali hapo kwa jina la mfalme huyo huyo. Kwa njia ya misafara ya biashara, ambayo ilichukua pembe na watumwa na kuacha nyuma yake majivu mengi, Kiswahili kilishuka mpaka kingo za mto huu, na pamoja nacho zikaja desturi za pwani, ikiwemo ile ya chuo cha Kurani, ambamo mtoto huketi mkekani mbele ya mwalimu wake, na mtoto asiyeonekana hufuatwa kwao akaulizwa ana udhuru gani. Tunaitaja desturi hiyo mapema kwa sababu ndani yake mna kanuni moja ambayo itatufaa mbele: mwalimu wa chuo alikuwa akikaa hapo hapo, na mwenye kukaa ndiye mwenye uso wa kumwuliza aliyekosa.

Tiba ya kigeni ilianza kufundishwa kwa utaratibu katika eneo hili nje ya mji, huko Yakusu, katika nchi ya Walokele, mwendo wa kilomita kama 20 chini ya mto, ambako wamisionari wa Kibaptisti wa Uingereza walikaa tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1920 aliwasili hapo Daktari Clement Chesterman, akakuta ugonjwa wa malale ukivimaliza vijiji vya kandokando ya mto. Dawa iitwayo tryparsamide ilipopatikana, ilidhihirika kwamba tabibu mmoja, hata awe na bidii ya namna gani, hawezi kupapasa shingo za maelfu ya watu akitafuta tezi zilizovimba, kisha atazame damu zao kwa darubini, kisha awachome sindano kwa majuma mfululizo, na papo hapo aangalie macho yao yasije yakadhurika kwa dawa yenyewe. Haja hiyo ndiyo iliyozaa shule. Vijana wa Kikongo walichaguliwa na kufundishwa uuguzi, dola ikaitambua elimu yao, na baada ya kufuzu wakatumwa kushika zahanati vijijini, ambako mara nyingi palikuwa hapana mjuzi mwingine wa tiba isipokuwa wao. Chesterman aliondoka mwaka 1936, na mwaka huo huo akaja Daktari Stanley Browne, ambaye alidumu huko mpaka mwaka 1959, akajulikana ulimwenguni kwa kazi yake juu ya ukoma.

Lililo muhimu kwetu katika habari ya Yakusu ni namna ya kufundisha. Mwanafunzi alijifunza kidonda kwa kukifunga na homa kwa kuipima, na yale aliyoambiwa kwa mdomo aliyakuta mbele yake kitandani kabla jua halijatua. Katika masomo ya namna hiyo kuhudhuria ni kazi yenyewe, wala hakuhitaji orodha ya majina, kwa maana aliyekosekana alionekana kwa wagonjwa wasiohudumiwa; na tena mwanafunzi alijua kwamba elimu ile haipatikani mahali pengine po pote, wala kwa kitabu, wala kwa rafiki, wala kwa fedha. Hata hivyo insafu yatutaka tuseme na upande wa pili. Nidhamu ile ilisimama juu ya utii wa misheni na wa ukoloni kwa pamoja. Kijana aliyefukuzwa hakuwa na shule nyingine ya kukimbilia. Na mwerevu kupita wote katika wodi ile alijua kwamba, hata akihudhuria miaka yote ya umri wake, hatafika kuitwa daktari. Kuhudhuria kwake kulikuwa kamili, lakini njia aliyofunguliwa ilikuwa na kikomo kilichowekwa na wengine.

Kikomo hicho kilikuwa sheria ya koloni lote. Wabelgiji waliwafundisha wauguzi, na tangu miaka ya 1930 wakawafundisha huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, wasaidizi wa madaktari, watu wenye maarifa mengi waliofanya kazi za kitabibu pasipo cheo cha tabibu. Hapa Stanleyville penyewe, kama mji ulivyokuwa ukiitwa, palikuwa na Maabara ya Tiba iliyosikika mpaka Ulaya na Marekani, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya Daktari Ghislain Courtois, ilishiriki katika majaribio ya chanjo ya polio na kufuga sokwe katika kambi ya Lindi. Lakini katika mji huo wenye maabara ya sifa namna ile hapakuwa na kijana mmoja wa Kikongo aliyekuwa akisoma udaktari. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, na masomo ya udaktari ni marefu, basi uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960 nchi nzima haikuwa na daktari wake hata mmoja. Wengi wa madaktari wa Kibelgiji walipoondoka kwa ghafla, Shirika la Afya Duniani lilisaidia kuwapeleka makumi ya wale wasaidizi huko Ufaransa wakamalize masomo na kupewa cheo ambacho kwa kazi walikwisha kukistahili.

Ndipo mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti yakafungua Stanleyville Chuo Kikuu Huria cha Kongo, kikawa cha tatu nchini baada ya Lovanium na kile cha Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa hawajatimiza hata mwaka mmoja wa utulivu pale waasi wa Simba walipouteka mji mwezi wa Agosti 1964. Na tarehe 24 Novemba askari wa mwavuli wa Ubelgiji waliposhuka kutoka angani, waliuawa watu wengi siku ile na siku zilizofuata, Wakongo na wageni, miongoni mwao Daktari Paul Carlson, mmisionari wa Kimarekani. Chuo kikahamishwa kwa muda mpaka Léopoldville. Basi katika kitabu cha mahudhurio cha chuo kikuu cha mji huu, ukurasa wa kwanza kabisa una pengo, na pengo hilo halikuandikwa na mwanafunzi mvivu.

Mji ulipata jina la Kisangani mwaka 1966, chuo kikarudi, na mambo yakaelekea kutengenea mpaka mwaka 1971, pale Rais Mobutu, baada ya wanafunzi wa Lovanium kupigwa risasi mwezi wa Juni 1969 na baada ya wengine kuingizwa jeshini kwa nguvu mwezi wa Juni 1971, alipoviunganisha vyuo vyote vitatu kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Fani zikagawanywa baina ya miji: tiba ikakusanywa Kinshasa, na Kisangani ikapewa hasa saikolojia na elimu ya ualimu pamoja na sayansi. Baadaye mji ulipata kitivo chake wenyewe cha tiba, na mwaka 1981 muungano ule ulipovunjwa, Chuo Kikuu cha Kisangani kikasimama kwa jina lake. Na kwa upande wa uuguzi, maabara na afya ya jamii pakawa na Taasisi ya Juu ya Ufundi wa Tiba. Wale waliosoma katika miaka ya 1970 hupenda kuukumbuka wakati huo kwa sababu iliyo wazi: dola ilimlipa mwanafunzi posho, ilimpa kitanda na chakula, ilimlipa profesa mshahara wa kuishi, na kwa hiyo ilikuwa na haki ya kumdai kila mmoja wao afike mahali pake saa ya somo.

Haki hiyo ilianza kupotea kidogo kidogo. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970 na madeni yalipozidi, posho zikachelewa, kisha zikapungua, kisha zikakoma. Migahawa ya wanafunzi ikafungwa. Vitabu vya maktaba vikazeeka pasipo kuletwa vipya. Mwezi wa Mei 1990 wanafunzi wa Lubumbashi walishambuliwa usiku katika mabweni yao. Mwezi wa Septemba 1991, na tena mwezi wa Januari 1993, askari wasiolipwa, au waliolipwa kwa noti ya zaire 5,000,000 ambayo wafanyabiashara waliikataa, waliipora miji. Na mwaka 1994 kupanda kwa bei kukahesabiwa kwa maelfu ya asilimia. Mshahara wa profesa, uliotosha zamani kumlisha na watu wa nyumba yake, haukutosha tena hata nauli ya juma moja. Baadhi yao walihamia nchi nyingine; waliobaki wakawa na kliniki ya binafsi, au shamba, au duka, au mradi wa wafadhili, na somo likawa jambo la kufanywa nafasi ikipatikana. Wanafunzi wakaja saa moja asubuhi wakangoja mpaka saa sita, wakaambiwa kwamba mwalimu hatafika. Wakaja kesho wakaambiwa vile vile. Na siku ya tatu wakalala. Mtu akitaka kujua utoro wa darasani ulifundishwa na nani, jibu lake ni hilo.

Wazazi ndio waliojitokeza kuliziba pengo lililoachwa na dola. Katika shule za chini kwanza, kisha na katika vyuo vikuu, ikawekwa desturi ya wazazi kuwachangia walimu fedha za motisha ili wakubali kufundisha. Na desturi iliyoanza kwa dharura ikageuka kuwa sheria isiyoandikwa. Matokeo yake kwa mahudhurio yalikuwa mawili. La kwanza, mwanafunzi ambaye baba yake hajamaliza kulipa ada alianza kuogopa kuonekana, kwa sababu penye orodha ya waliolipa, kuhudhuria ni kujifichua. Na mwenye deni hujificha hata pale anapotamani kusikiliza. La pili, elimu yenyewe ilipata bei ya rejareja. Profesa aliandika masomo yake, akayapiga chapa, akayauza, nayo yakaitwa silabusi. Na ijapokuwa wakuu wa elimu wamekataza mara kadhaa uuzaji wa lazima wa karatasi hizo, haukukoma, kwa kuwa maktaba haina vitabu vya kutosha na mwanafunzi hana pa kusoma ila hapo. Sasa tuupime mwenendo wa kijana kwa akili yake, wala tusiupime kwa hasira yetu: ikiwa somo lote limo katika silabusi, na mtihani hutoka katika silabusi, na profesa akija huisoma silabusi kwa sauti huku wanafunzi mia kadhaa wakisongana katika ukumbi uliojengwa kwa wachache, kijana huyo atakwenda kufuata nini ambacho hakukinunua tayari?

Juu ya hayo kulikuja vita. Majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliuteka mji tarehe 15 Machi 1997. Mwezi wa Agosti 1998 ukawa chini ya waasi wa RCD, na kwa miaka kadhaa mto ukafungwa, hata safari ya kwenda Kinshasa ikawa haina njia ya chini. Na kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yote mawili yakiwa katika nchi ya watu, yalipigana mjini Kisangani kwa siku sita, yakamwaga maelfu ya makombora juu ya nyumba, makanisa na hospitali, na mamia ya raia wakafa. Wakati mto umefungwa na walimu ni wachache, chuo kilichokuwa kikitegemea maprofesa wageni kutoka Kinshasa na kwingineko kilizidi kuwategemea pale walipoweza kuruka kwa ndege. Nayo desturi ya profesa mgeni, ambayo ingalipo, ina kasoro yake: somo la saa 60, lililokusudiwa kumiminwa polepole kwa nusu ya mwaka, humwagwa kwa siku chache, asubuhi mpaka jioni, kisha mwalimu hupanda ndege akaenda zake. Aliyeugua homa juma lile amelikosa somo zima la mwaka. Na aliye mzima, baada ya saa ya sita ya kusikiliza bila kupumzika, yumo ukumbini kwa mwili tu, na sijui tumweke katika hesabu ya waliohudhuria au ya waliokosa.

Yapo tena mambo ya mahali, ambayo mtu wa Kisangani huyajua bila kuambiwa. Mji umekatwa na mto: Lubunga iko ng'ambo ya kushoto, na mwanafunzi akaaye huko huvuka kwa mtumbwi wa injini, kisha hupanda toleka, baiskeli ya kuchukua abiria, au pikipiki kwa mwenye uwezo, na mvua ya ikweta ikinyesha alfajiri, kivuko husimama. Tangu mwezi wa Februari 2023 ugomvi wa ardhi baina ya Wambole na Walengola umewahamisha watu wengi wa upande ule, na wapo wanafunzi ambao nyumba zao zilijaa ndugu waliokimbia kwa siku moja. Umeme wa bwawa la Tshopo, lililojengwa zama za Wabelgiji na ambalo mitambo yake imechoka, huja na kuondoka, na mwenye kusoma hulazimika kusoma saa umeme ulipo, iwe ni usiku wa manane au ni saa ya mhadhara. Kijana asiye na mfadhili huuza vocha za simu, au hufundisha watoto wa wenye nazo, au huendesha hiyo toleka yenyewe ili apate ada ya kumruhusu kuingia katika darasa asilolifikia kwa kuwa anaitafuta ada.

Na katika fani za afya kuna sababu moja isiyopatikana katika sheria wala katika fasihi. Mwanafunzi wa miaka ya juu hupelekwa staji katika Kliniki za Chuo Kikuu, au katika hospitali za Makiso, Kabondo na Lubunga, na huko, kwa upungufu wa wauguzi na madaktari, mara nyingi haachiwi kutazama tu, bali hubeba sehemu ya mzigo wa kazi. Akikesha zamu ya usiku akipokea mtoto mwenye malaria kali na mama aliyeshikwa na uchungu, kisha saa mbili asubuhi akahitajiwa mhadharani, atachagua mojawapo. Na aghalabu huchagua kulala, au huchagua kurudi wodini. Hapa ndipo tarehe yetu inapozunguka ikakutana na mwanzo wake, maana kijana anayeitoroka silabusi ni yule yule ambaye haitoroki wodi. Kule hapati posho, hupata uchovu na lawama, na bado huenda. Kwa sababu kule kuna mwalimu aliye mbele yake, kuna mgonjwa wa kweli, na kuna jambo ambalo asipofika hatalipata kwa fedha. Walokele wa Yakusu wa miaka ya 1920 wangelifahamu hilo bila kufafanuliwa.

Mageuzi yaliyoanzishwa nchini katika mwaka wa masomo 2021-2022, yale ya kufuata mpango wa lisanisi, masta na udaktari wa falsafa, yanaahidi kumhesabia mwanafunzi kazi aifanyayo mwenyewe, na kupunguza utawala wa mhadhara mrefu. Ahadi ni njema. Lakini mpango mpya juu ya mshahara ule ule, maktaba ile ile na ukumbi ule ule utabadilisha majina ya miaka tu. Na kule kuita majina kwa sauti na kumtoza faini asiyeitika, ambako ndiko dawa ya haraka ya wakuu wengi, huleta miili ukumbini pasipo akili, na huwafundisha marafiki kuitikiana majina.

Hatusemi kwamba mwanafunzi hana taksiri. Wapo wanaokosa kwa uvivu mtupu, wanaotegemea madaftari ya wenzao na fadhila za siku ya kutangazwa matokeo, na hao hawana udhuru mbele ya mtu ye yote, kwa kuwa katika utabibu somo lililokwepwa halipotei. Humngoja mtu miaka kumi mbele, usiku, katika zahanati ya msituni, hapana mwenzake wa kumwuliza. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini hukumu ya haki huanza kwa mwenye dhima kubwa. Dola iliyoacha kumlipa mwalimu ndiyo iliyovunja mkataba kwanza. Mwalimu aliyegeuza somo kuwa bidhaa alifuata. Na mwanafunzi, wa tatu katika safu, alijifunza kwa waliomtangulia. Basi wenye mamlaka juu ya elimu ya jimbo hili la Tshopo wakitaka viti vijae, na wamlipe mwalimu mshahara unaomtosha akae hapa hapa Kisangani, wanunue vitabu ili silabusi isiwe ndicho kitabu pekee, wapange saa za mihadhara zisigongane na zamu za usiku, na somo walirudishe karibu na kitanda cha mgonjwa, mahali ambapo elimu hii ilizaliwa. Mwalimu na afike kwanza; ndipo mwanafunzi aulizwe alikuwa wapi.